Kitabu Kina Mlango wa Uani

Orodha ya vitabu mmegawiwa, sitaisoma. Nitarudia wimbo wangu uleule: vitabu vikubwa haviwashindi watu kwa ugumu. Vinawashinda kwa sababu wameingilia pasipo mlango.

Chukueni Maungamo ya Agostino, mtakatifu anayesimulia maisha yake mwenyewe. Yamegawanywa katika vitabu 13, ameanza kuyaandika mwaka 397 hivi. Unafungua, unakuta sala. Unageuza ukurasa, sala tena. Uliyekuja kutafuta kisa unasinzia. Sasa anzia kitabu cha 2, sura ya 4. Kijana wa miaka 16, Agostino mwenyewe, na wenzake wanaiba mapeari usiku, karibu yote wanawatupia nguruwe. Njaa hana, na kwao yapo mapeari bora kuliko hayo. Ameiba ili aibe tu! Jambo hilo linamkereketa hadi kitabu kinakwisha, na hapo ndipo teolojia inapokukamata shati. Ndipo urudi kitabu cha 1. Zile sala sasa zina mwenyewe. Nenda hadi cha 9, mama yake anapofia Ostia. Cha 10 ni kaburi la wasomaji: kisa kinakatika, anaanza kuchambua kumbukumbu. Kiruke, soma cha 11 juu ya wakati, kisha ukirudie. Cha 12 na 13 vinataka Biblia wazi pembeni, Mwanzo sura ya 1. Na kabla ya kununua, hesabu vitabu kwenye yaliyomo. Matoleo mengine yanaishia cha 9 au cha 10.

Mtasema kuruka ni kumdharau mwandishi. Kumwacha kabatini tangu ukurasa wa 12, hiyo ndiyo heshima?

Safari. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, mnamkimbilia kurasa za Mombasa na Kilwa, mnafunga. Aliondoka Tangier mwaka 1325, na masimulizi aliyomaliza kuyatoa mwaka 1355 yakaandikwa na Ibn Juzayy. Mwandishi huyo alichota maelezo ya Damascus na Makka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa karne ya 12. Basi shika penseli: penye majengo yaliyopambwa kwa maneno, weka alama ya kuuliza. Penye manung'uniko ni yeye mwenyewe. Huko nchini Mali alitarajia mavazi na fedha kutoka kwa sultani, akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando. Hasira zake hazikunakiliwa kwa mtu!

Viumbe, haraka. Gilbert White, kasisi Mwingereza, 1789, barua 110 juu ya viumbe wa kijijini kwake Selborne. Tisa za mwanzo hazikupata kutumwa, ni utangulizi uliovishwa nguo za barua, ziacheni. Moja kwa siku inatosha, na ya nyungunyungu, ya 35 kati ya alizomwandikia rafiki yake Barrington, isomeni mara mbili.

Riwaya nilitaka nusu saa, nimebaki na dakika moja. Moby-Dick ya Melville, juu ya msako wa nyangumi, sura 135. Ya 32 inapanga nyangumi kama vitabu, kwa ukubwa wa karatasi, na wengi huiruka. Hiyo msiiruke. Ndiyo, najipinga, nimesikia. Lakini mpangaji mwenyewe anauacha mpango wake haujaisha, tena kwa makusudi, na asiyeliona hilo atasumbuka sura zote zinazofuata akingoja nyangumi aelezwe akamalizika.