Ndoa ya Babeli na hesabu yake ya fedha

Mabibi na mabwana, Hammurabi, mfalme wa Babeli, anajulikana kwa sheria yake ya jicho kwa jicho. Leo tuyaache macho ya watu, tufuate fedha. Katika Babeli ya karne ya 18 kabla ya Kristo, ndoa huielewi mpaka ujue nani alitoa nini, na ikivunjika kitarudi kwa nani.

Sheria zenyewe zimechongwa kwenye jiwe jeusi lililochimbuliwa Susa, Irani, miaka ya 1901 na 1902, na leo liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Kifungu cha 128 kinasema wazi: mtu akichukua mwanamke bila mapatano, huyo si mke. Wanazuoni wengi hawaoni kwamba ilikuwa lazima mapatano hayo yaandikwe.

Mali zilikuwa tatu. Ya kwanza ni terhatum, ambayo upande wa mume huipeleka kwa baba wa binti. Tuiite mahari, ila msiichanganye na mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ya pili ni sheriktum, mali anayotoka nayo binti kwao: vitanda, nguo, mawe ya kusagia, pengine watumwa. Ya tatu ni nudunnum, zawadi ya mume kwa mkewe, iliyoandikwa katika kibao cha udongo.

Mchumba aliyekwisha kutoa mahari akiona mwingine akabadili nia, amepoteza vyote alivyotoa. Baba wa binti akigeuka yeye, hurudisha maradufu. Na kama aligeuka kwa sababu rafiki wa bwana harusi alimchongea, bado hulipa maradufu, na rafiki huyo haruhusiwi kumwoa binti. Aliyetunga kifungu hiki cha 161 aliwajua watu!

Mke akifa ameacha watoto, sheriktum ni ya watoto wake, babu hana dai. Akifa bila mtoto, baba mkwe hurudisha mahari, na sheriktum yote inarudi kwake. Asiporudisha, mume hukata kiasi cha mahari kwanza. Tuseme mahari ilikuwa shekeli 10 (shekeli ni kipimo cha uzito wa fedha) na sheriktum ina thamani ya shekeli 30: mume anabaki na 10, anarudisha 20.

Sasa talaka. Mume akimwacha mke aliyeolewa kwanza na hakumzalia, humpa fedha sawa na mahari yake na kumrudishia sheriktum. Kama mahari haikutolewa, hulipa mina moja ya fedha. Mtu wa tabaka la chini, mushkenum, hulipa theluthi ya mina. Mina ni shekeli 60, karibu nusu kilo, na shekeli ni uzito wa punje 180 za shayiri. Kibarua, kwa sheria hizohizo, alipata fedha ya uzito wa punje 6 kwa siku katika miezi mitano ya mwanzo wa mwaka, na 5 iliyobaki. Kwa hiyo mina moja ni kazi ya siku zisizopungua 1,800! Mtu angefikiri mara mbili.

Lakini mizani haikuwa sawa. Mke aliyemkataa mumewe alichunguzwa mtaani kwake. Akionekana hana kosa, na mume ndiye mzururaji anayemdharau, anachukua sheriktum yake na kurudi kwao. Akionekana yeye ndiye mzururaji, hutupwa majini. Katika mikataba mingi ya zama hizo pia, mume anayesema "wewe si mke wangu" hulipa fedha, na mke anayesema "wewe si mume wangu" hufa.

Mjane ndiye aliyelindwa vizuri zaidi. Hubaki katika nyumba ya mumewe na sheriktum na nudunnum yake, asiuze nyumba. Kama hakupewa nudunnum, hupata fungu sawa na mrithi mmoja. Watoto wakimsumbua ili wamtoe, waamuzi huwaadhibu watoto, na yeye hatoki. Akitaka mwenyewe kuondoka, huwaachia nudunnum, huchukua sheriktum, na kuolewa na mwanamume aupendao moyo wake.