RISC OS: Mfumo Endeshi Unaoweza Kusomwa Wote

Ndugu zangu wanafunzi, walimu wetu, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mnapenda kompyuta, habari za jioni.

Hii mnayoiona mezani ni Raspberry Pi Zero, kompyuta nzima kwenye bodi moja ndogo. Ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa kwa dola 5. Ina kumbukumbu ya megabaiti 512 na prosesa ya kiini kimoja, yaani sehemu moja tu ya kutekeleza amri, na umeme wake inaupata kwenye chaja ya kawaida ya simu. Wengi wakiipata huiwekea mfumo endeshi wa Linux wenye madirisha, hufungua kivinjari, kisha husema kompyuta hii ni goigoi. Mimi nasema haina kosa. Imebebeshwa tu mzigo usio wake. Hii ya hapa nimeiwekea mfumo endeshi mwingine, RISC OS. Madirisha, fonti, kihariri cha maandishi, programu za kuchora, lugha ya BASIC, vyote vimo ndani ya faili moja la mfumo lisilofika megabaiti 10. Ukiiwasha, ndani ya sekunde chache unafanya kazi.

Wepesi huo una asili yake. Mfumo huu ulizaliwa Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni iliyoitwa Acorn, nyumba ileile iliyozaa prosesa ya ARM. Sophie Wilson alibuni seti ya amri za prosesa hiyo, na Steve Furber akasanifu chipu yenyewe. Walitaka itumie umeme chini ya wati moja, kwa sababu hapo ingeweza kufungashwa kwa plastiki, na plastiki ni ya bei nafuu kuliko kauri. Chipu ya kwanza iliwasili tarehe 26 Aprili 1985, ikawashwa, ikafanya kazi. Furber alipopima umeme inaoutumia, kipimo kilisoma sifuri. Kumbe kulikuwa na hitilafu kwenye bodi: njia ya umeme ya chipu haikuwa imeunganishwa kabisa. Chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliokuwa ukipenya kupitia nyaya za mawasiliano! Nikikumbuka kisa hicho sishangai kwamba ukoo wa chipu hiyo ndio umo leo ndani ya simu zilizo mifukoni mwenu.

Acorn walitoa kompyuta za Archimedes mwaka 1987 zikiwa na mfumo uliotengenezwa kwa haraka, ukiitwa Arthur. Mwaka 1989 ukaboreshwa na kupewa jina la RISC OS. Mwaka 1998 Acorn wakafunga kitengo chao cha kompyuta, na kwa kawaida hadithi ya mfumo endeshi huishia hapo. Huu haukufa, kwa sababu watu waliokuwa wakiutumia waliendelea kuandika programu zake jioni baada ya kazi. Mwaka 2006 ikaanzishwa kampuni ndogo ya RISC OS Open ili kuutunza msimbo wake, yaani maandishi ya programu yanayouunda mfumo. Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, prosesa yake ikiwa ya ARM, haukupita mwaka kabla ya RISC OS kuwekwa juu yake. Mwaka 2018 msimbo ukaachiliwa chini ya leseni huria ya Apache. Hivyo mnaweza kuusoma wote leo usiku bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tazameni skrini. Kipanya cha RISC OS kina vitufe vitatu, na kila kimoja kina kazi. Cha kushoto ni cha kuchagua. Cha kati hufungua menyu palepale mshale ulipo, ndiyo maana hamwoni utepe wa menyu juu ya dirisha. Cha kulia hurekebisha: nikichagua kitu kwenye menyu kwa kitufe hicho, menyu inabaki wazi niendelee kuchagua. Kuhifadhi faili pia ni tofauti. Hakiji kisanduku cha kunitembeza folda baada ya folda. Inakuja aikoni ya faili, nami naiburuta hadi kwenye folda ninayoitaka. Siku za mwanzo mkono wako utakataa. Ukishazoea, utaona mifumo mingine inakuzungusha bure.

Programu nazo ni folda tu, ambazo majina yake huanza na alama ya mshangao. Hakuna kusakinisha: unainakili folda, basi, ukiichoka unaifuta. Ukishikilia Shift na kubofya mara mbili, folda inafunguka, unaona faili la kuiendesha, picha za aikoni, na mara nyingi msimbo wenyewe. Halafu bonyeza F12, andika BASIC, na una lugha ya programu mkononi. Ukiweka mabano ya mraba katikati ya programu yako ya BASIC, unaandika amri za ARM moja kwa moja, kisha unaziita. Kwa mwanafunzi anayetaka kujua prosesa inafanya nini hasa, sijaona njia fupi kuliko hii, na hili ndilo lililonileta mbele yenu. Mfumo mkubwa wa kisasa una mamilioni ya mistari ya msimbo. Hakuna mtu mmoja anayeujua wote. Huu, mtu mmoja mwenye subira anaweza kuuelewa tangu kitufe cha kuwasha hadi dirisha linapochorwa. Ninaamini kila mhandisi wa kompyuta anastahili kuielewa mashine moja namna hiyo, hata kama riziki yake ataipata kwenye nyingine.

Upungufu upo, na ni mkubwa. Programu hupokezana prosesa kwa hiari. Moja ikigoma kuachia, zote zinasimama. Kinga baina ya programu na mfumo ni dhaifu, kwa hiyo kosa la programu moja linaweza kuangusha kila kitu. Mfumo hutumia kiini kimoja tu. Kwenye Raspberry Pi 4 vingine vitatu vinakaa bure. Kivinjari cha NetSurf ni chepesi, lakini tovuti nyingi za leo zitakishinda. Msifanyie mambo ya benki humu.

Tatizo linaloninyima usingizi ni jingine. Sehemu kubwa ya RISC OS imeandikwa kwa asembla, yaani lugha ya amri za prosesa yenyewe, ya ARM ya biti 32. Hiyo ndiyo siri ya wepesi wake, na sasa ndiyo kamba shingoni mwake. Prosesa ya Raspberry Pi 5 inakubali amri za biti 32 kwa programu za kawaida tu. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayotawala mashine, lazima iwe ya biti 64. Kwa hiyo RISC OS haiwezi kuendesha Pi 5 moja kwa moja. Dawa ni kuandika upya sehemu hizo, moja baada ya nyingine, kwa lugha ya programu kama C, isiyofungwa kwenye prosesa moja. Ni kazi ya miaka, na wanaoiweza ni wachache. Mwanafunzi anayejua C na yuko tayari kujifunza asembla atakuta kazi ya kweli inamngoja huko.

Kwa anayetaka kuanza: usinunue Pi 5. Tafuta Pi 3, Pi 4 au Zero, hata iliyotumika. Tafuta kipanya ambacho gurudumu lake linabonyezeka, maana ndilo kitufe chako cha kati. Chukua toleo la 5.30 la RISC OS, la mwaka 2024, kwa kuwa ndilo lililoleta waifai kwenye Raspberry Pi. Na ukinunua Zero, hakikisha ni ile yenye waifai. Kadi ndogo ya SD ya kuwekea mfumo huenda unayo tayari kwenye simu yako ya zamani. Maswali sasa, tafadhali, tuanze na wa nyuma kule.