Hospitali Zikiungana, Mgonjwa Anapata Nini?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Naomba nianze na usiku. Hospitali ndogo ina daktari mmoja wa usingizi. Mama mjamzito anakimbizwa chumba cha upasuaji, na muda si muda analetwa majeruhi wa ajali. Daktari yule ana mikono miwili tu. Hospitali ikiwa ndani ya mfumo mkubwa, zamu hupangwa kwa pamoja na kuna mwingine wa kuitwa. Kwangu mimi, faida ya kuungana inaanzia hapo, wala si kwenye kibao kipya getini.

Chukueni damu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 hadi 7 tu. Hospitali iliyo peke yake huziweka kwa tahadhari, kisha huzitupa zisipotumika. Hospitali zenye akiba ya pamoja huzipeleka kwa anayevuja damu katika hospitali nyingine.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kiharusi. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, chembe za neva karibu milioni 2 hufa kila dakika. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kabla ya kuidunga lazima kichwa kipigwe picha, maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyohiyo itaua. Hapo anatakiwa mtu aliyeizoea kazi.

London, hospitali zipatazo 30 zilikuwa zikipokea wagonjwa hawa, kila moja kwa uwezo wake. Mwaka 2010 huduma ya saa za mwanzo ikakusanywa katika vituo 8. Gari la wagonjwa likawa linaipita hospitali ya karibu bila kusimama. Hebu fikirieni moyo wa ndugu aliyemo humo, taa za hospitali zikibaki nyuma! Hata hivyo, vifo ndani ya siku 90 vilipungua kuliko sehemu nyingine za Uingereza, na siku za kulazwa pia.

Sitawaficha: Marekani, hospitali zilizoungana zikabaki bila mshindani mara nyingi zimepandisha bei, na matibabu yasiwe bora. Kuunganisha vitabu vya hesabu hakumponyi mtu. Na kuungana nusunusu je? Manchester ilianza utaratibu kama wa London mwaka uleule wa 2010, lakini ikawapeleka vituo maalumu wale tu waliowahi, ndani ya saa 4 tangu dalili zianze. Vifo havikupungua kuliko kwingine. Mwaka 2015 utaratibu ukabadilishwa: kila mwenye kiharusi, awe amewahi au amechelewa, apelekwe huko.