Jaa la Tumbe na jaa la Chwaka: Pemba ilipoanza kula wali

Mhadhara wa wazi wa programu ya mambo ya kale, uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha mliofika, wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana. Habari za programu nitazisema haraka, maana sidhani kuna mtu aliyepanda gari kutoka Konde ili aje kusikiliza ratiba. Wanafunzi wetu wamemaliza mafunzo ya uwandani na sasa wako maabara wanaosha vigae, kazi ambayo haina sifa wala picha nzuri. Mihadhara hii itaendelea, na kwa wale waliolalamika kuwa kila kitu cha chuo kinafanyika Unguja: leo tuko Chake, na inayofuata itakuwa Wete, juu ya makaburi ya nguzo ya Ras Mkumbuu. Basi.

Nilipokuwa natafuta mada, wengi walinishauri nizungumzie sarafu za Mtambwe Mkuu. Nawaelewa. Mwaka 1984 zilitoka ardhini pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimi wa Misri. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii, Ali bin al-Hasan na wengineo, na maandishi yake yana vina. Ni fahari ya Pemba. Lakini sarafu ni habari ya mtu aliyekuwa nazo, na wengi hawakuwa nazo. Kitu ambacho kila nyumba ilikuwa nacho ni jaa. Leo nitazungumza juu ya majaa mawili, la Tumbe na la Chwaka, na nitawaeleza yanavyotuonyesha watu wa kisiwa hiki wakibadilisha chakula chao.

Tumbe mnaijua kwa soko la samaki. Hapo hapo, chini ya mashamba ya leo, kuna mabaki ya kijiji kikubwa kilichokaliwa tangu karne ya 7 hadi karne ya 10. Kilichimbwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, wataalamu kutoka Marekani, kwa kushirikiana na wenyeji na watu wa mambo ya kale wa hapa. Ukienda na matumaini ya kuona magofu utarudi umenuna, kwa kuwa Tumbe haikujengwa kwa mawe. Nyumba zilikuwa za miti na udongo. Hata hivyo watu wake hawakuwa wamejificha na dunia. Walikuwa na vyombo vyenye rangi ya feruzi kutoka Ghuba ya Uajemi, na walitengeneza shanga za makombe kwa wingi mno. Tunalijua hilo kwa sababu walisugulia shanga zao kwenye vigae, na vigae vile vyenye mifereji vimejaa pale kuliko karibu mahali popote pengine pwani.

Karne ya 10 Tumbe ikahamwa. Karne ya 11, jirani kabisa, ukaanza mji wa Chwaka, nao ukadumu mpaka karibu na mwaka 1500. Huko sasa utaona mawe: misikiti minne, na makaburi, likiwemo lile la Haruni ambalo wengi wenu mmelizuru. Lakini angalieni jambo moja ambalo wageni hawalioni. Nyumba nyingi za Chwaka ziliendelea kuwa za udongo na makuti. Mawe yalikuwa ya Mungu na ya wafu. Aliye hai aliendelea kulala kwenye udongo kama babu yake wa Tumbe, na chungu chake kilifinyangwa hapa hapa.

Sasa, chakula.

Mbegu ikifukiwa katika ardhi yenye mvua kama yetu huoza. Inayobaki ni ile iliyoungua ikawa mkaa, yaani punje iliyorukia motoni, au chungu kilichosahauliwa jikoni. Kwa maneno mengine, sayansi yetu inaishi kwa uzembe wa wapishi. (Kicheko.) Akina mama msicheke sana, nawashukuru.

Tunauchukua udongo wa jaa ndoo kwa ndoo, kila tabaka peke yake, tunaumimina ndani ya pipa la maji na kuukoroga kwa mkono. Mchanga na vigae vinazama, mkaa unaelea. Ule unaoelea tunaukinga kwa kitambaa chembamba na kuuanika kivulini, kwa sababu jua kali linaupasua. Halafu mtu anakaa na hadubini, anachambua punje moja moja: huu uwele, huu mtama, hii kunde, huu mpunga. Kwa Pemba aliyekaa na kazi hiyo ni Sarah Walshaw. Alisoma udongo wa Tumbe, wa Chwaka, na wa vijiji vidogo vya kaskazini, na mwaka 2010 akachapisha matokeo yake.

Alichokiona ni hiki. Katika udongo wa Tumbe nafaka kuu ni uwele. Mtama upo. Mpunga nao upo, ila kidogo. Ukipanda juu kwenye karne ya 11 na kuendelea, Chwaka, mpunga unaongezeka mpaka unashika nafasi ya kwanza, na uwele unarudi nyuma. Vifuu vya nazi na mbegu za pamba vinaonekana pia, lakini nisiwapeleke huko, tutakesha.

Naomba tusimame hapo kwenye neno "kidogo". Tumezoea kusikia historia ikisimuliwa hivi: jahazi lilifika, likashusha kitu kipya, na kuanzia siku hiyo watu wakakitumia. Tumbe inakataa hadithi hiyo. Watu wale walikuwa wanaujua mpunga kwa miaka karibu 300. Waliuona, waliuonja, huenda walilima kipande bondeni. Na bado chungu cha kila siku kilikuwa cha uwele.

Wala hawakuwa peke yao. Mwaka 2016 Alison Crowther, Nicole Boivin na wenzao walilinganisha mbegu kutoka sehemu nyingi za bahari hii. Visiwa vya Ngazija na Madagaska, tangu zamani hizo hizo, vilikuwa vimejaa mazao ya Asia: mpunga, chooko, pamba. Lakini bara na visiwa vilivyo karibu na bara, pamoja na Unguja Ukuu iliyokuwa bandari kubwa ya wakati ule, vilishikilia mazao ya Afrika. Mpunga huko ni punje za hapa na pale.

Basi kwa nini Chwaka waligeuka? Mkulima yeyote aliyemo humu anajua kwamba si kwa sababu ya wepesi wa kazi. Uwele unavumilia ardhi kavu. Mpunga unataka bonde, unataka mvua ije kwa wakati, unataka kupaliliwa na kufukuziwa ndege, na ukishavunwa bado haujawa chakula mpaka kinu na mchi vifanye kazi. Mtu mwenye njaa hakimbilii mpunga. Walshaw mwenyewe anauhusisha mgeuko huo na ukuaji wa mji na kuenea kwa Uislamu, nami nakubaliana naye, ila ningependa tuutazame kwa kutumia vyombo.

Fleisher amehesabu maumbo ya vyungu na mabakuli. Zamani za Tumbe vyombo vingi ni vyungu vyenye shingo, vya kupikia na kuhifadhia. Baadaye mabakuli ya wazi yanazidi, mengine mapana, na pamoja nayo mabakuli ya kigeni yenye kung'aa. Chombo kipana hakitengenezwi kwa ajili ya mtu mmoja. Ni chombo cha kuzungukwa, na ninyi mnaokula sinia kwenye harusi na Maulidi hamhitaji profesa awaeleze. Mwenye mji alikuwa anakaribisha watu, na anayekaribisha hutoa kile kilichomgharimu. Yale mabakuli ya kaure tunayoyasikia yakipachikwa kwenye vibla na makaburi ya pwani ni ya ukoo huo huo wa mambo. Misikiti mingi leo imebaki na matundu tu, kwa kuwa kuna watu waliyang'oa, na sitasema zaidi kwa sababu ya heshima ya mkutano huu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu na kuandaliwa karamu: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye chombo kikubwa cha mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Huyo ni mgeni anayekaribishwa na sultani. Wakati huo huo jaa la Chwaka linatuambia kuwa wali ulikuwa umeshashuka hadi kwenye majiko ya nyumba za udongo. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la utafiti huu. Chakula cha karamu kilikuwa chakula cha nyumbani.

Na kilizidi mahitaji. Mwanzoni mwa karne ya 16 Duarte Barbosa, Mreno, aliandika juu ya visiwa vyetu kuwa vina mchele, nyama na machungwa tele. Wareno walipojenga ngome yao Mombasa mwaka 1593, mchele wa Pemba ulikuwa tegemeo lao. Siku hizi mtoto akiulizwa utajiri wa Pemba atajibu karafuu. Karafuu ni ya karne ya 19, na Pemba iliipita Unguja baada ya ile tufani ya 1872 kuangusha mikarafuu ya wenzetu. Mabonde ya mpunga yameitangulia kwa miaka 800. Sina ugomvi na karafuu, lakini vitabu vya shule vingeweza kuwa na ukurasa mmoja juu ya bonde.

Nitapokea maswali.

(Mzee mmoja wa Micheweni aliuliza kama mpunga uliletwa na Washirazi.)

Ahsante mzee wangu. Tarehe hazikubali. Punje za mpunga za Tumbe ni za kabla ya mwaka 1000. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji kama Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, ukaonyesha kuwa karibu na mwaka 1000 palikuwa na kuoana kati ya wanaume waliokuwa na asili ya Uajemi hasa na wanawake wa Kiafrika. Kwa hiyo masimulizi ya wazee wetu juu ya Shirazi yana mzizi. Lakini miji hiyo si Pemba, na baba mgeni akija, anayejua bonde gani linashika maji ni mama mwenyeji. Mpaka leo mabonde yetu mengi yanalimwa na akina mama.

(Bibi mmoja aliuliza uwele umekwenda wapi, mbona haupikwi tena.)

Bibi, swali lako ni zuri kuliko mhadhara wangu. Uwele ulipokonywa mara mbili. Mpunga uliuchukulia heshima, halafu baada ya Wareno ikaja mihogo na mahindi kutoka Amerika. Nadhani muhogo ndio uliouchukulia ile ardhi kavu ya maweni uliyokuwa umebaki nayo.

(Mwanafunzi aliuliza inajulikanaje kuwa mpunga ulilimwa hapa, haukununuliwa kwa majahazi.)

Punje peke yake haisemi. Tunatazama kilichofuatana nayo. Mchele ulionunuliwa ukiwa umekobolewa unafika bila kumvi na bila mbegu za magugu ya shambani. Jaa likitoa kumvi, vishikizo vya punje na magugu, kazi ya kupura na kutwanga ilifanywa karibu. Unatazama pia vijiji vidogo visivyo na bandari: mpunga ukiwa huko nao, ni vigumu kusema wote ulishuka melini. Na bonde lenyewe lipo, halijahama.

Pale mezani kuna punje za mpunga, uwele na mtama tulizoziunguza wenyewe kwa ajili ya mafunzo, na hadubini mbili. Njooni mjaribu kuzitofautisha. Watoto waanze, na tafadhali msipumue juu ya sahani, zinaruka.