Gitaa likwaruze, jirani alale

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, tupo Arusha, na leo ni zamu ya wapiga gitaa la umeme. Tumeletewa swali na kijana wa Moshi, kapanga chumba kule Majengo. Ana ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, ya wati 15. Akipandisha sauti mpaka ianze kukwaruza vizuri, mama mwenye nyumba anagonga. Akiishusha, gitaa linalia kama nyuki ndani ya kopo. Afanyeje?

GODI: Pole yake. Ila sauti anayoitafuta, dada Neema, haikuzaliwa chumbani. Jim Marshall alianza kutengeneza ampu zake London mwaka 1962. Kufika 1965, Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, anadai wati 100. Kumbi zinakua, mitambo ya ukumbi bado dhaifu, kwa hiyo gitaa linajibeba lenyewe. Na ampu zile hazikuwa na masta volyumu, kile kitufe cha kupunguza sauti ya mwisho. Ukitaka ikwaruze unafungua yote, mtaa mzima usikie.

NEEMA: Masta ikaja lini?

GODI: Kwa Marshall, 1975, kwenye modeli ya 2203. Hapo ndipo ukaweza kupasua sauti mwanzoni na kuipunguza mwishoni.

NEEMA: Mwanzoni wapi na mwishoni wapi? Kuna watu wanatusikiliza wakiwa kwenye daladala, hawana ampu mbele yao.

GODI: Haya. Umeme unaotoka kwenye pikapu za gitaa, zile sumaku chini ya nyuzi, ni mdogo sana. Preampu inaukuza. Kisha sehemu ya pawa inausukuma hadi kwenye spika. Sehemu yoyote ukiipa zaidi ya inachoweza kubeba, wimbi linakatwa kichwa, na huko kukatwa ndiko kukwaruza. Preampu ukiizidishia, haina lazima ya kupiga kelele, kwa sababu masta iko mbele yake. Pawa ukiizidishia, hapo hakuna ujanja, lazima isikike. Na spika nayo ikisukumwa kweli kweli inachangia ladha yake. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks aliichana spika yake kwa wembe ili ikwaruze.

NEEMA: Tafadhali, nyumbani msijaribu. Spika zenyewe bei mnaijua. Sasa mimi nasikia ushauri mmoja kila kona: nunua ampu ndogo ya valvu, zile taa za kioo za kukuza umeme, wati 5 hivi, utafungua yote bila kumsumbua mtu.

GODI: Ushauri huo umewaponza wengi. Masikio hayahesabu wati moja moja. Ukipunguza wati kwa nusu, sauti inashuka desibeli 3 tu, ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti, unaisikia lakini kidogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa nusu, unahitaji kushuka kama desibeli 10, yaani wati zigawe kwa kumi. Kwa hiyo kutoka wati 15 hadi 5 ni desibeli kama 5 tu. Huyo mama bado yuko mlangoni.

NEEMA: Na wati 1?

GODI: Spika nyingi za gitaa za inchi 12 zinatoa karibu desibeli 97 ukiwa mita moja, kwa wati 1. Hiyo ni kelele ya kutosha kwa bendi ndogo! Watu wawili wakiongea kawaida sebuleni ni kama desibeli 60. Kwa hiyo gitaa la chumbani, la kufanyia mazoezi usiku, linatumia sehemu ndogo sana ya wati. Hakuna ampu ya kawaida ambayo pawa yake itapasuka kwa kiwango hicho.

NEEMA: Kwa maneno mengine, kukwaruza kwa pawa nyumbani tukusahau.

GODI: Tukusahau. Tupasue mapema. Pedali ya ovadraivu, yaani ya kukanyaga inayokwaruzisha sauti, au gaini, kitufe cha kuizidishia preampu, masta chini. Ibanez Tube Screamer na Boss SD-1 ndizo zinazojulikana. Ya Ibanez inapandisha sauti za kati, kwenye hetzi 700 na kitu, na inapunguza besi. Kwa chumba kidogo hiyo ni neema.

NEEMA: Umenitaja bure hapo. Lakini ngoja, nimewahi kusikia watu wanaofanya hayo yote na bado ni nyuki. Kosa lao liko wapi?

GODI: Mara nyingi ni gaini. Sauti ikiwa ndogo, mtu anaona haina nguvu, anaongeza gaini. Inakuwa mchanga mtupu, noti hazitofautiani, na mngurumo wa umeme wa hetzi 50 unakuzwa pamoja nazo. Hasa kama soketi haina waya wa ethi, ule wa ardhini, na nyumba nyingi za kupanga ndivyo zilivyo. Punguza gaini mpaka kodi ya nyuzi tatu, yaani noti tatu kwa pamoja, isikike noti kwa noti, halafu piga kwa mkono wenye nguvu zaidi.

NEEMA: Nyongeza yangu: ni sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, waliokuwa Bell Labs Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu linapoteza besi kwanza, na kiasi cha sauti kali. Kwa hiyo ukishusha volyumu, hata kama ampu haijabadilika chochote, wewe unasikia kitu chembamba. Mpangilio uliouweka kanisani Jumapili, ukiuleta chumbani Jumatatu lazima uonekane mbaya.

GODI: Kweli, na tiba yake ni kuongeza besi kidogo.

NEEMA: Hapo ndipo tunagombana, kaka. Ukuta wa tofali unazuia trebo, yaani sauti kali, vizuri, besi hauizuii. Jirani wa chumba cha pili hasikii solo yako, anasikia vuuu, vuuu. Ukiongeza besi unajipendezea wewe na kumwamsha yeye.

GODI: Basi?

NEEMA: Toa ampu sakafuni na kwenye kona, maana kona inakuza besi. Iweke juu ya kiti, iinamishe ikutazame usoni, kaa karibu. Umbali ukipungua kwa nusu, kwako sauti inapanda karibu desibeli 6, kwa jirani hakuna kilichobadilika. Ukitaka zaidi ya hapo, subiri mvua ya masika ipige bati. Wakati huo fungua utakavyo, hakuna atakayejua.

GODI: Ha! Hiyo ni ratiba ya mazoezi kabisa. Na kile kifaa kinachokaa kati ya ampu na spika, kinageuza nguvu kuwa joto?

NEEMA: Kizuizi cha nguvu. Kinasaidia ukipunguza kidogo. Ukikibana sana, spika haisukumwi tena, unarudi kule kule, na valvu zako zinachoka kama uko jukwaani. Mimi pesa hiyo ningeiweka kwenye hedifoni nzuri na kompyuta. Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston, alitoa kifaa cha Rockman mwaka 1982 kwa kazi hiyo hiyo, gitaa la kusikiliza masikioni. Leo kuna Neural Amp Modeler, programu ya kompyuta inayoiga ampu, ni bure kabisa, unachomeka gitaa kupitia kadi ya sauti. Ila usisahau kuwasha sehemu ya kuiga kabini, yaani sanduku la spika. Bila hiyo ovadraivu ni miba tupu, kwa sababu spika ya gitaa haipitishi sauti kali za juu kabisa, hedifoni inazipitisha zote.

GODI: Hedifoni sizipendi. Nataka hewa isogee, nyuzi ziitikie spika. Kijana wa Majengo, anza na pedali.

NEEMA: Anza na hedifoni. Na kama ampu yako ni ya valvu, usizichomeke kwenye tundu la spika.

GODI: Kabisa. Wala usiiwashe na kuipiga spika ikiwa imechomolewa eti upate ukimya, transfoma ya kutolea inaweza kuungua. Angalia maandishi ya nyuma, na omu za spika, kipimo cha ukinzani wake, zilingane na za tundu. Tundu la hedifoni kama lipo litakuwa limeandikwa. Kama halipo, halipo, muulize fundi kabla hujajaribu.