Dakika Moja Nzima: Kumhudumia Mgonjwa wa Mafua na Koo

Wauguzi wenzangu, nanyi wanafunzi wetu,

Mama anapofika kituoni hapa Nairobi katika baridi ya Julai na kusema kwamba mtoto wake ana homa, tafadhali msiandike neno hilo kabla ya kuuliza. Wengi wetu mjini huyaita mafua homa, ilhali vitabu vyetu vya afya hulitumia neno hilo kwa joto la mwili lililopanda. Kwa hiyo mama mmoja atakuwa anazungumzia makamasi na chafya, na mwingine mwili unaochemka.

Maambukizi mengi ya pua na koo husababishwa na virusi, navyo havitibiwi kwa antibiotiki. Ndiyo maana baadhi yetu huyaona kuwa maradhi madogo yasiyohitaji muuguzi. Mimi naamini kwamba pale ambapo dawa haina la kufanya, kazi yetu ndipo inapoongezeka, kwa kuwa ni sisi tunaopaswa kumtambua mtoto ambaye ugonjwa wake umeshateremka kifuani.

Nilipoanza kazi nilizoea kuhesabu pumzi kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Asubuhi moja, foleni ikiwa imefika mlangoni, nilimhesabia hivyo mtoto wa miezi minane aliyefungwa ndani ya blanketi na leso mbili, nikapata 44, nikamwambia mama aende nyumbani. Muuguzi aliyekuwa zamu nami akamwita arudi. Akamketisha, akasubiri mtoto atulie, akafungua leso moja baada ya nyingine mpaka kifua kikaonekana, kisha akahesabu dakika nzima: 56. Tena kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilibonyea ndani, jambo ambalo nisingeliona kamwe juu ya blanketi. Hiyo ilikuwa nimonia.

Basi viwango hivi viwe kichwani mwenu: pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa mtoto asiyetimiza miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Naye mtoto anayetoa mlio mkali kooni anapovuta pumzi ilhali ametulia, au anayedondosha mate kwa kushindwa kumeza, asilazwe chali wala asitiwe kijiti mdomoni ili koo liangaliwe, kwani njia ya hewa yaweza kuziba papo hapo. Abaki ameketi mapajani mwa mama yake huku daktari akiitwa.

Kwa wengi waliosalia huduma ni nyepesi, lakini ina masharti. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, kwa hiyo matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya humsaidia kuliko sharubati yoyote ya kikohozi. Paracetamol hupimwa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, wala asipewe mtoto aspirini. Asali hutuliza kikohozi, ila haifai kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sufuria ya maji yanayofuka mvuke iwekwe mbali naye, maana huunguza. Na jiko la makaa lisiachwe ndani ya chumba anacholala.

Koo linalosababishwa na bakteria aina ya streptokoka ni jambo jingine, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Likipuuzwa, laweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Aliyeandikiwa penisilini ya kumeza kwa siku 10 aimalize, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu.

Kabla mama hajaondoka, msimuulize kama ameelewa, kwa sababu atajibu ndiyo kwa heshima. Muulizeni, "Ukiona nini nyumbani utamrudisha mara moja?" Asipotaja kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea na kupumua kwa shida, mwelezeni upya, kisha mumuulize tena.