Mchawi Yumo Ndani ya Kesi: Kujenga Desktopu Isiyonguruma

NEEMA: Subiri subiri, nizime pangaboi kwanza. Haya. Tuna kama dakika 15 kabla hatujaanza kutiririka jasho humu ndani, kwa hiyo Sele usianze zile salamu zako ndefu.

SELE: Aisee hata salamu? Haya, mambo vipi wanangu, mimi Sele, niko na dada yangu Neema, tuko kwake Sinza, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, na leo tunaongelea kelele ya kompyuta tunayorekodia, kitu ambacho nyie wasikilizaji wenyewe mmetutukania.

NEEMA: Hawajatukana bwana, wameuliza.

SELE: Mtu kaandika "hivi nyie mnarekodia kwenye mashine ya kusaga unga?" Hilo ni swali hilo?

NEEMA: (anacheka) Ila alikuwa na haki. Nilirudi kusikiliza kwa hedifoni, kweli, chini ya sauti zetu kuna mmmmmm haiishi mwanzo mpaka mwisho. Na mimi hapa ndani nilikuwa siisikii tena, si unajua kitu ukikaa nacho kila siku unakizoea, sasa maiki yenyewe haijazoea.

SELE: Ndo nikaja nikafungua hii desktopu yako. Na niseme ukweli, nilikuja nimeshahukumu. Nikajua tu ni feni. Kila mtu ukimwambia kompyuta inapiga kelele atakwambia badilisha feni.

NEEMA: Na mimi nilikuwa nimeshatenga hela ya feni.

SELE: Sasa sikilizeni tulivyomtafuta mchawi, maana hii mtu yeyote anaweza kufanya kwake bila kununua kitu. Unafungua ubavu wa kesi, yaani lile boksi la kompyuta, unawasha mashine, halafu unaisimamisha feni moja moja kwa kidole. Siyo unatumbukiza kidole kwenye mapanga, unabonyeza taratibu pale katikati penye stika, inasimama, unasikiliza sekunde mbili tatu, unaachia. Ya mbele, kimya kidogo. Ya nyuma, kimya kidogo. Ya prosesa, ile ubongo wa kompyuta, hivyo hivyo. Na ile mmmmmm ipo palepale, haijatikisika.

NEEMA: Hapo ndo akaniomba kandambili.

SELE: Usiruke stori! Nikaweka kiganja juu ya kesi nikasikia inatetemeka, kama ukishika ubavu wa daladala iko sailensa. Nikafuata kwa mkono mpaka kwenye hard disk. Ile yako ya zamani unayohifadhia video, mizunguko 7200 kwa dakika, gawa kwa 60 unapata mizunguko 120 kila sekunde, kwa hiyo mngurumo unaousikia ni wa hezi 120, ule mzito wa chini unaopenya mpaka kwenye meza. Na aliyeifunga aliifunga kwa skrubu mbili upande mmoja, chuma kwa chuma. Diski yenyewe ina sauti ndogo tu, kesi nzima ndo ilikuwa spika yake.

NEEMA: Basi kandambili yangu ya bafuni ikakatwa vipande vinne.

SELE: Ilikuwa imeshakatika kamba, tusidanganye watu. Nikakata vipande vya kama kidole gumba, nikailaza diski chini kabisa ya kesi juu ya vile vipande, kila kona kimoja, haigusi chuma popote. Tukawasha. Neema akasema "mbona haijawaka?"

NEEMA: Kweli nilisema hivyo! Nilidhani umeua kitu.

SELE: Ila msije mkaifunga diski kwenye sponji au kitambaa pande zote, itaiva. Inataka hewa. Na kama unajenga mashine mpya leo, hata usifike huko, weka SSD, ile diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka ndani, kelele yake ni sifuri. Diski za kuzunguka ziweke nje, unachomeka siku ya kuhifadhi mafaili basi.

NEEMA: Haya, sasa mimi hela ya feni ipo mkononi na wewe ukanishawishi nijenge mashine mpya kabisa. Nikaingia YouTube. Kila mtu anasema nunua hiki, kimya kabisa, nunua kile, husikii kitu.

SELE: Na ndo hapo mimi nagombana na hizo rivyuu. Wale jamaa wako Ulaya, chumba kina nyuzi 20 na kidogo. Humu ndani sasa hivi?

NEEMA: Nina kile kisaa cha ukutani, kinasema 31. Na tumezima pangaboi dakika chache tu.

SELE: Nyuzi 10 zaidi. Na hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, haina uchawi, haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, kwa hiyo zile nyuzi 10 unaziongezea juu moja kwa moja. Kwake prosesa inasoma 65, hapa Dar mashine ileile, kazi ileile, inasoma 75, na feni hazijui habari za rivyuu, zinaona 75 zinapiga mbio. Kwa hiyo kitu alichokisifia kuwa kimya, ukikileta Sinza kinakuwa jenereta. Mimi kwa hapa kwetu nasema usianze na feni, anza na joto. Kila wati unayoingiza kwenye lile boksi lazima itoke kama joto, na anayeitoa ni feni. Ukinunua joto kidogo umenunua kelele kidogo.

NEEMA: Kwa hiyo prosesa ndogo?

SELE: Siyo ndogo, isiyo na papara. Chukua mfano prosesa mbili za AMD, Ryzen 7 7700 na Ryzen 7 7700X. Ndugu wa tumbo moja, zote kora nane. Ile ya kawaida imepangiwa wati 65, yenye X wati 105. Yenye X inakimbia zaidi kidogo, kwenye kuediti sauti kama wewe hutaona tofauti, ila feni itaiona. Na kama mtu ameshanunua yenye X asilie, anaingia kwenye bayosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, kuna kitu kinaitwa Eko Modi, anaishusha mpaka 65 mwenyewe.

NEEMA: Na kadi ya grafiki, ile ya kutengeneza picha za skrini?

SELE: Huyo ndo mlaji mkubwa kuliko wote. RTX 3060 ni wati 170, RTX 4060 ni 115, na ya pili siyo dhaifu kuliko ya kwanza, kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia 4060 mpya kwa bei inayokaribiana na 3060 ya mtumba fikiria pia hizo wati 55. Halafu kadi nyingi za miaka hii ukiwa hufanyi kazi nzito feni zake zinasimama kabisa, hazizunguki, watu wanapeleka kwa fundi wanasema feni imekufa kumbe imepumzika.

NEEMA: Mimi mwenyewe ningepeleka.

SELE: Ila kuna mdudu mwingine humo, ule mlio mwembamba, tsiiiiii, unausikia ukifungua gemu. Zile koili za umeme kwenye kadi zinatetemeka umeme ukipita. Hiyo huwezi kuikagua kwa macho, inatofautiana hata kwa kadi mbili za aina moja. Pale Kariakoo mwambie muuzaji aiwashe uisikie, lakini uko barabarani pale, mkokoteni unapita, mtu anatangaza mashuka kwa spika, utasikia nini? Omba kuirudisha kama ikilia nyumbani. Akikataa jua mapema.

NEEMA: Haya feni sasa, maana naona unazikwepa.

SELE: Sizikwepi, hapa ndo patamu. Feni ukiipunguza mwendo nusu, kelele inashuka kama desibeli 15, hicho ndo kipimo cha kelele. Hewa inashuka nusu tu. Sasa ukiweka feni mbili zinazofanana, kelele inapanda desibeli 3 tu, siyo mara mbili kama watu wanavyodhani. Kwa hiyo piga hesabu, una feni moja inakimbia mizunguko 1600, toa, weka mbili za 800. Hewa karibu ileile. Kelele umeshusha 15 ukarudisha 3, umebaki na faida ya 12. Na sikio la mtu likishushiwa desibeli 10 linaona kama kelele imekatwa nusu.

NEEMA: Ngoja ngoja. Yaani feni nyingi zinakuwa kimya kuliko chache?

SELE: Nyingi za polepole. Na kubwa. Ya milimita 140 inasukuma hewa nyingi kwa mwendo mdogo kuliko ya 120. Zile feni ndogondogo za sentimita 8 kwenye kompyuta za ofisini za mtumba, zile zina mapanga madogo lazima zikimbie kama nzi.

NEEMA: Na zile za rangi ya kahawia? Mbona watu wanaziabudu?

SELE: Noctua, za Austria. Nzuri, sibishi, ile NF-A12x25 kwenye mizunguko 2000 kamili kiwanda chenyewe kinaandika desibeli 22.6. Lakini bei ya moja unapata kama tatu za Arctic P12, na nimeshakwambia hesabu ya nyingi za polepole. Kama mfuko unaruhusu nunua moja ya bei uweke kwenye prosesa, zingine za kawaida. Unachoangalia ni pini nne, siyo tatu, ili mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, iweze kuiongoza vizuri, na beringi ya ndani iwe ya kimiminika, maana zile za bei chee mafuta yanakauka, na vumbi letu hili, miezi kadhaa unaanza kusikia krrrrr asubuhi ukiwasha.

NEEMA: Ya kwangu ya nyuma ilikuwa hivyo.

SELE: Ya kwako nilikuta manyoya ya paka.

NEEMA: Paka siyo wangu, ni wa jirani!

SELE: Na mkisafisha kwa bloa, shikeni feni isizunguke. Bloa inaizungusha kuliko mwendo wake, inaua beringi. Mafundi wengi wanapenda ule mlio wa wiiii, usiwaruhusu.

NEEMA: Kesi je? Mimi nilipenda ile yenye sponji pembeni, imezibwa mbele, nikasema hii ndo ya studio.

SELE: Hapo ndo tuligombana mpaka chai ikapoa. Ile imezibwa ili kelele isitoke, sawa, na joto nalo halitoki. Kwenye nchi ya baridi inafanya kazi vizuri sana. Hapa feni zinavuta hewa kupitia kaufa kembamba pembeni, zinashindwa, zinaongeza mwendo, sponji inameza kidogo, mwisho wa siku umerudi ulikotoka na hela imeondoka. Chukua yenye wavu mbele, na kichujio cha vumbi kinachotoka kwa mkono, ukioshe bombani kila baada ya wiki mbili tatu. Halafu angalia ule wavu usiwe umegusana karibu sana na mapanga ya feni, hewa ikikatwa palepale inapiga filimbi.

NEEMA: Pawa saplai, ile ya kugawa umeme kwenye mashine, nilinunua kubwa kuliko ulivyotaka.

SELE: Na ulikuwa sahihi, mimi ndo nilikosea, naomba nikiri hewani. Ile ina feni inayolala mzigo ukiwa mdogo, sasa ukiwa na uwezo mkubwa kuliko unachokula inalala muda mwingi. Ila msiangalie wati tu, angalieni ufanisi. Mashine inakula wati 400, saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 inavuta 500 ukutani, 100 zote zinakuwa joto humo ndani. Yenye asilimia 90 inavuta kama 444, joto ni 44 tu. Na luku inakushukuru.

NEEMA: Na ya kupoza kwa maji? Watu wa gemu wanaipenda.

SELE: Kwa kazi yako hapana. Pampu haisimami hata mashine ikiwa imekaa bure, na ikifungwa vibaya, povu la hewa likakaa kwenye pampu, unasikia kama tumbo la mtu mwenye njaa. Hitisinki kubwa ya hewa, mwisho wa habari.

NEEMA: Mimi kilichonisaidia kuliko vyote ni ile grafu ya feni.

SELE: Eeh elezea, maana uliifanya mwenyewe.

NEEMA: Yaani mazabodi ikija kutoka dukani, ukifungua tu Chrome prosesa inaruka kutoka 50 mpaka 68 kwa sekunde moja halafu inashuka, na feni zinaruka nayo, vuuu, zinashuka, vuuu tena. Hiyo inakera kuliko kelele inayokaa palepale. Nikaingia bayosi, nikaweka mstari mlalo asilimia 35 ya mwendo wa feni mpaka nyuzi 70, baada ya hapo ndo zipande, na kuna sehemu ya kuchelewesha, nikaweka sekunde kadhaa zisikurupuke. Nilianza na 60 kama yule wa YouTube, ikawa haifiki hata saa moja zinapiga mbio. Nyuzi 60 za Ulaya huku ni asubuhi.

SELE: (anacheka) Na mashine ikashuka chini ya meza.

NEEMA: Ikaenda nyuma ya kabati, na kebo ndefu ya skrini. Kutoka nusu mita kwenda mita moja unapunguza desibeli 6 hivi, bure. Kwenye chumba kidogo kama hiki inakuwa pungufu kidogo maana kuta zinarudisha.

SELE: Sasa kelele iliyobaki humu ni pangaboi tu.

NEEMA: Na nikilizima ndo hivi, tunaungua, na... umeisikia hiyo?

SELE: Ipi?

NEEMA: Hiyo. Inaanza. Kisaa kinasema 33.

SELE: Mbona haijafika 70?

NEEMA: Imefika, nakusomea hapa kwenye skrini, 71, 72... si uliacha ile video yako inarenda, inatengenezwa kule nyuma?

SELE: Nilisema nitaizima.

NEEMA: Sele.

SELE: Nilisahau bwana, washa pangaboi, washa, tumeshamaliza.